Mbwa Asiyeagwa

Jirani yangu mpya hapa Kahama ana geti la chuma, gari jeupe, na mbwa anayelia. Sijasema anayebweka. Kubweka ni kazi ya mbwa na simlaumu mbwa kwa kufanya kazi yake. Huyu analia. Jirani na mkewe wakishatoka asubuhi na geti likafungwa, mbwa anasubiri mlio wa gari upotelee barabarani, halafu anaanza: sauti nyembamba, ndefu, inapanda, inakatika, inaanza upya. Juzi nilikuwa nyumbani na malaria, nimejifunika shuka gubigubi, nikamsikiliza tangu asubuhi mpaka mchana. Wapangaji wenzangu wanasema mbwa yule anachuria mtaa, anauletea mkosi. Mimi nililia. Mtu mzima na akili zangu, namlilia mbwa wa watu ambaye hata sura simjui! Nikajiambia ni homa. Haikuwa homa.

Na sisi tulikuwa na mbwa wa namna hiyo, Bugarama, nilipokuwa mtoto wa darasa la pili. Aliitwa Watachoka. Nyie wa rika langu mliokulia kwetu mnajua kwamba mbwa hapewi jina la kupendeza. Mbwa hupewa yale maneno ambayo mwenye nyumba hawezi kumwambia jirani usoni. Jioni unatoka nje, unamwita mbwa wako kwa sauti kubwa, anayehusika anasikia, na hana pa kukushitaki. Mtaani petu kulikuwa na Yanawahusu, kulikuwa na Mtajiju. Baba yangu alikuwa mchimbaji mdogo wa dhahabu asiye na duara lake. Alishuka kwenye maduara ya wenzake, yale mashimo marefu, akapanda na vumbi, na majirani wakamsema kwamba ana mkosi. Basi siku moja akaokota kitoto cha mbwa machimboni, akakileta ndani ya shati, akakiita Watachoka. Yaani watachoka kusema. Mama alicheka siku hiyo mpaka akakaa chini. Nakikumbuka kicheko kile kwa sababu baadaye sikukisikia mara nyingi.

Mwanzoni baba alilala nyumbani kila siku. Akirudi jioni hakuingia ndani na mabuti, alizunguka uani, akakaa juu ya ndoo, mimi nikamletea maji kwenye kopo, akaosha yale matope huku Watachoka anamlamba vidole vya miguu na yeye anasema, "Ananitekenya, mshenzi huyu." Halafu kukatokea rashi Mwakitolyo. Habari zikivuma kwamba mahali fulani mawe yanatoa dhahabu, ndiyo rashi hiyo, na wanaume wanahama wote kama nzige. Baba akaenda, akalala huko, akarudi. Akaenda tena, akakaa wiki, akarudi na mkate na sukari. Akaenda, mwezi ukapita, akarudi. Kisha wakasema rashi imehamia upande wa Geita. Akaenda huko, na mara hii hatukumwona tena kwa muda mrefu. Kila safari aliondoka alfajiri nikiwa kitandani. Siku moja nilimsikia mama akinong'ona, "Muage mtoto basi," naye akajibu, "Nikimuaga atalia. Mwache." Nikafumba macho zaidi, maana niliona ndicho alichokitaka.

Mama alikuwa mtu wa Kigoma, aliyeletwa Usukumani na mapenzi, na hakuwa na ndugu hata mmoja wa kumkimbilia. Alikuwa mama lishe kando ya barabara ya kwenda mgodini. Alitoka na masufuria kabla jua halijachomoza vizuri, akarudi jioni. Mimi nilikwenda shule na ufunguo wa kufuli shingoni, umefungwa kwa kamba ya kiatu, na nikirudi mchana nilifungua mlango mwenyewe, nikala kiporo mwenyewe, nikakaa mwenyewe. Tulipanga vyumba viwili katika nyumba ya Mzee Masanja, ambaye naye aliishi upande wa mbele, na upande wa pili alikuwepo Mama Kulwa na mumewe. Lakini watu wa nyumba moja si lazima wawe watu wako. Watoto wa Mama Kulwa walikatazwa kucheza kwetu kwa sababu ya mbwa. Nilikuwa mpweke, hilo ndilo neno, ingawa wakati ule sikulijua. Nilidhani ni njaa.

Mbwa naye alikuwa na njaa hiyohiyo. Tukishamwacha, dunia ilimharibikia. Alikula kandambili. Hakuzitafuna tu, alizila, na hakuchagua ya mwenye nyumba wala ya mpangaji. Alivuta nguo za Mama Kulwa kwenye kamba akazilalia. Tulipomfungia ndani alipasua godoro langu, nikakuta vipande vya sponji mpaka kwenye mtungi wa maji, na yeye amekaa katikati ya uchafu ule kwa sura ya mtu aliyefiwa. Mama Kulwa akashauri pilipili ipakwe kwenye viatu. Alivila na pilipili yake. Tulimfunga kamba, alikula kamba. Mama akamwachia redio, na redio ilifaa kweli. Watachoka alikaa mbele yake akasikiliza taarifa ya habari na salamu za wasikilizaji kama mzee mstaafu. Lakini betri zetu zilikuwa zile za kuanikwa juani ili zirudi nguvu, na zikiisha kabla ya saa sita, kilio kilianza palepale zilipoishia.

Kuliko vyote, alichimba. Alichimba uani, nyuma ya chumba chetu, mahali palepale kila siku. Mama alifukia, yeye akafukua. Mama aliweka jiwe, yeye akazunguka jiwe.

Mimi nilijua anachimba nini. Hapa naomba msinicheke, au chekeni tu. Nilipomuuliza mama baba yuko wapi, alinijibu, "Yuko chini, anachimba." Na pale mgahawani kwake nilikuwa nimewasikia wachimbaji wakisimulia jinsi duara moja linavyoweza kutoboka likakutana na lingine huko chini, ukaona taa ya mtu wa upande wa pili inakujia gizani mkasalimiana. Kwa akili yangu, basi, chini ya ardhi ilikuwa nyumba moja kubwa yenye milango mingi. Mlango mmoja Mwakitolyo, mwingine Geita, mwingine unaweza kuwa popote. Tena mchana, baruti za mgodi mkubwa zilipopigwa huko chini kabisa, sakafu yetu ilitetemeka na vikombe vikagongana kabatini, na Watachoka akainuka, akaenda kwenye shimo lake, akanusa. Nani angenidanganya kwamba baba hayupo pale? Nilikaa karibu yake nikamwambia achimbe. Ndiye pekee nyumbani kwetu niliyemwona anafanya jambo kuhusu baba.

Sasa, mahali pengine popote duniani mbwa akichimba uani watu wanaona mbwa anachimba uani. Si Bugarama. Baba Kulwa, ambaye alifanya kazi ya kuponda mawe ya dhahabu kwenye karasha, alikuwa nyumbani siku moja anaumwa mgongo. Akasimama akimwangalia Watachoka kwa muda mrefu, mikono kiunoni.

"Huyu mbwa," akasema, "kwa nini hapo tu?"

"Ndiyo tabia yake," nikamjibu.

"Hakuna tabia ya hivyo. Mama Kulwa! Lete karai na maji!"

Akachota udongo wa pale shimoni, akaumwagia maji, akaanza kuuzungusha karaini polepole, anamwaga tope, anaongeza maji, anazungusha. Mgongo ukapona ghafla. Nilichungulia chini ya kwapa lake. Kwenye ukingo wa karai, nyuma ya mchanga mweusi, ulikuwepo uzi mwembamba wa njano, mwembamba kiasi kwamba ukipumua vibaya unaupoteza.

"Rangi!" akapiga kelele, maana ndivyo wachimbaji wanavyoiita dhahabu ikionekana, halafu akajiziba mdomo kwa kiganja, halafu akapiga kelele tena. "Rangi hii hapa! Mzee Masanja!"

Mzee Masanja alitoka mbio na kandambili moja. Ile nyingine mnajua ilikokwenda. Akaangalia karai, akamwangalia mbwa, akavua kofia. Nadhani alimvulia mbwa.

Jioni mama alirudi, masufuria kichwani, akakuta wanaume wanne wasiojua kusubiri kesho wameshaingia mpaka magotini. Akatua mzigo. Akaangalia pale wanapochimba, kisha akasema kwa sauti ya uchovu tu, "Jamani, hapo ndipo Baba Kabula alikuwa anaoshea mabuti yake. Hilo mnaloliona ni vumbi la machimboni, lilitoka miguuni kwake."

Kisha Mzee Masanja akacheka. "Mama Kabula, usitufanye watoto wadogo. Unataka tukalale, halafu mumeo aje achimbe peke yake?"

"Angekuwa anakuja," mama akasema, "ningekuambia." Akaingia ndani kusonga ugali.

Kabula ni mimi. Na maneno yale ya mama, ambayo yangemtosha mtu yeyote mwenye akili zake, mimi yalinimaliza kwa upande wa pili. Hapo ndipo alipokuwa anaosha miguu! Basi mbwa amekuwa sahihi siku zote. Hapo ni pake, hapo ndipo mlango ulipo.

Zile siku walizochimba zilikuwa siku nzuri kuliko zote za utoto wangu pale Bugarama. Uani kulijaa watu. Walifunga matimba, ile miti ya kuzuia udongo usiporomoke, wakaweka kamba na ndoo. Watoto wa Mama Kulwa wakaruhusiwa kuja. Watachoka akapewa mifupa, Baba Kulwa akamwita mheshimiwa, "Mpisheni mheshimiwa apite," na kwa kuwa hakuachwa peke yake hata dakika, hakulia wala hakula kiatu cha mtu. Nilirudi shule mbio. Kila nilipoona shimo limezidi kwenda chini, nilijiambia kesho.

Mchana mmoja wanaume walikwenda kula. Nililala kifudifudi kwenye ukingo, Watachoka naye akalala, tukachungulia. Ubaridi ulitoka huko chini na harufu ya udongo mbichi, harufu ileile ya mabuti ya baba. Nikaita, "Baba!" Sauti ikanirudia, imekuwa nene. Nikaita tena. "Baba, ni mimi Kabula! Tupo hapa nyumbani!" Nikasubiri. Nilisubiri vizuri kabisa, nimezuia pumzi ili nisimzibe akijibu. Mbwa aliinamisha sikio moja. Kilichosikika ni tone la maji mahali fulani, basi.

Mkono ukanikamata gauni kwa nyuma. "Utatumbukia weye mtoto!" Alikuwa Baba Kulwa. "Unamwita nani humo?"

Nikamwambia.

Nilitegemea atacheka. Hakucheka. Alisimama akaangalia shimo, akajipangusa uso kwa shati, akaniambia niende nikale. Alasiri ile alishuka zamu yake kama kawaida lakini hakuimba.

Walifika kwenye mwamba mgumu wa buluu, wakapiga sululu mpaka ncha zikapinda. Kila karai waliloosha kutoka chini lilikuwa tupu. Ule uzi wa njano haukutokea tena, kwa sababu ulikuwa wa juu, wa pale tu maji ya miguu ya baba yalipofika. Wakafukia. Kila mtu akarudi kwake na kimya chake, watoto wa Mama Kulwa wakakatazwa tena, na asubuhi iliyofuata Watachoka alipojikuta peke yake alilia hivi kwamba walimsikia sokoni. Kisha akafukua.

Mzee Masanja alimsubiri mama mlangoni. "Mama Kabula, mbwa wako ni tapeli."

"Mzee, mbwa hajakuahidi kitu."

"Amenichimbia uani, amekula viatu vyangu, analilia nyumba yangu kana kwamba nimekufa. Nakupa mpaka mwisho wa mwezi. Akilia tena, akichimba tena, anaondoka. Na usipomwondoa wewe, nitamwondoa mimi, na kwangu mbwa hatoki kwa kamba."

Nililia, mama akanifuta, lakini nilimwona anavyowaza. Kulikuwa na dereva wa lori la samaki wa Chato aliyekula kwake, aliyesema atamchukua mbwa akalinde mitumbwi. Kabla ya hilo, mama akasema, tujaribu mnyororo. Hakuna mbwa anayekula chuma.

Mnyororo ulipatikana dukani kwa Bibi Kanta, bibi wa Kihindi aliyeuza mabuti, sululu, kamba na pampu, ambaye alizaliwa palepale Usukumani na Kisukuma chake kilikipita cha mama mbali. Nyuma ya duka alikuwa na mbwa wawili wakubwa waliolinda usiku na kulala mchana kama wafalme.

"Mwadila, Bibi," nikamsalimia, maana salamu ya mchana aliitaka kwa Kisukuma.

"Mwadila, ng'wana wane. Mnyororo wa nini?"

Mama akaeleza. Bibi Kanta akarudisha mnyororo kwenye msumari. "Utafunga shingo, mama. Kinacholia siyo shingo. Asubuhi mnapotoka mnafanyaje?"

Nikajibu mimi. Nilisema namkumbatia Watachoka, namwambia nakwenda shule na mama anakwenda kazini, asiwe na wasiwasi, tutarudi, na wakati mwingine nalia kidogo na yeye ananilamba machozi.

"Bebe, wewe!" Bibi Kanta akapiga paja. "Unamuaga kama anayekwenda kuzikwa, halafu asilie? Sikiliza. Usimuage. Kamata ufunguo, halafu kaa chini tena. Vaa viatu, halafu vua. Mpaka ufunguo usiwe habari tena. Kisha toka, rudi kabla hajalia. Toka tena, kawia kidogo, rudi. Kidogo kidogo unazidisha. Na ukirudi usimsalimie. Anaruka, anapiga kelele, wewe pita, fanya kazi zako, hata maji kunywa. Akishatulia ndiyo umshike kichwa. Mwachie na kitu chenye harufu ya mwenye mbwa. Atazoea."

"Atajua kwamba tutarudi?" nikauliza.

"Atajua kwamba kutoka kwa mtu siyo kitu."

Tulipokuwa tunarudi mama alinyamaza njia nzima. Nilidhani anahesabu unga wa kesho.

Na mimi nilikuwa na langu. Jioni ile, nikipuliza moto jikoni, niliona vizuri kabisa tatizo lilivyo. Nikimfundisha Watachoka atulie, ataacha kuchimba, na akiacha, nani atamfikia baba? Nisipomfundisha, ataondoka, na hapo nitabaki bila mbwa na bila baba. Mtoto wa darasa la pili hapaswi kupewa hesabu ya namna hiyo. Nilimwangalia mbwa, ameweka kichwa juu ya mguu wangu, mzito, wa moto. Baba huko chini, nikajiambia, ana wenzake wengi na taa. Mimi ninaye huyu mmoja.

Kesho yake nilianza. Nilitoa buti kuukuu la baba uvunguni, lile lililopasuka kisigino, nikatia ndani yake mfupa. Nikakamata ufunguo, Watachoka akaruka, nikakaa. Nikakamata, akaruka, nikakaa. Mama Kulwa alinichungulia dirishani akasema yule mtoto sasa ameshikwa na wazimu. Nilirudia mpaka mbwa akachoka kuruka akabaki ananiangalia tu. Nikatoka, nikasimama nyuma ya mlango, nikaingia. Nikaenda mpaka kwenye kamba ya nguo, nikarudi. Siku nyingine mpaka bombani. Siku nyingine mpaka barabarani, nikaliona lori moja likipita, nikarudi. Kilichokuwa kigumu ni kurudi. Kila nilipofungua mlango alinijia mwili mzima unatikisika, analia kwa furaha, na mimi napita kama simwoni, napeleka begi chumbani, nachota maji, nakunywa sitaki, mgongo nimempa, machozi yananitoka ndani ya kikombe. Hakuna mtu mwingine duniani aliyekuwa anafurahi nikifika. Na huyo mmoja nilikuwa namfundisha aache.

Akaacha. Siku moja mchana tukiwa wawili tu, baruti zikapigwa, sakafu ikatetemeka, vikombe vikagongana. Watachoka akainua kichwa. Akainuka, akaenda mpaka pale palipofukiwa, akanusa. Nilisimama mlangoni, sikumwambia achimbe. Akageuka, akarudi, akajilaza, pua ndani ya buti. Nilijua nimeshinda, na moyo uliniuma kiasi kwamba nilikwenda kukaa chooni.

Mwisho wa mwezi Mzee Masanja alileta kigoda chake akakaa uani kumsikiliza mbwa, maana hakutaka kuambiwa. Mama akatoka, mimi nikatoka, hatukugeuka. Niliporudi mchana nilimkuta bado pale, amechoka kusubiri.

"Amekufa?" akaniuliza.

"Hapana, amelala."

Akaenda mwenyewe akachungulia. "Mh," akasema. Akachukua kigoda chake. Habari za dereva wa Chato zikaisha hapo.

Mvua zilinyesha, mahindi yakapandwa, yakakomaa. Siku moja nilirudi shule nikakuta mwanamume amekaa juu ya ndoo mbele ya mlango wetu, shati jipya, amekonda, mkate umefungwa kwenye gazeti magotini kwake. Watachoka alikuwa amejilaza kivulini hatua chache kutoka kwake. Alipiga mkia chini mara moja, basi.

"Kabula," baba akasema.

Moyo wangu uliruka mpaka kooni. Na nikafanya nilichokuwa nafanya kila siku. Nilipita. Nilifungua kufuli, nikaingia, nikapeleka begi chumbani, nikachota maji, nikanywa, mgongo nimeuelekeza mlangoni. Nilisubiri mpaka nikatulia. Ndipo nikatoka, nikapiga goti. "Shikamoo, baba."

Mtoto wa Kisukuma kumpita baba yake bila salamu! Alikuwa na haki ya kunichapa. "Marahaba," akasema. Kisha akamwonyesha mbwa kwa kidevu. "Hata mbwa wangu hanijui."

Mama aliporudi jioni, baba alimrudia hayohayo. Mama alitua masufuria, moja moja, akayapanga.

"Anakujua vizuri. Amefundishwa asihangaike."

"Nani kamfundisha?"

"Wewe."

Nilikasirika! "Mama muongo," nikasema, na sikuwahi kumwambia mama yangu neno kama hilo, "ni mimi niliyemfundisha! Mimi peke yangu!" Mama hakunikaripia. Alikuwa anamwangalia baba, na baba alikuwa ameinama anahangaika na kamba ya kiatu ambayo haikuwa na tatizo lolote. Nililala nimenuna. Miaka mingi ilipita, nimeshaolewa, nimeshasubiri watu wangu mwenyewe, ndipo siku moja nikiwa naosha vyombo nikaelewa mama alisema nini. Baba alienda akarudi. Akaenda akakawia kidogo, akarudi. Kidogo kidogo. Na hakutuaga.

Alfajiri moja, si siku nyingi baadaye, nikasikia komeo. Nilikuwa macho. Watachoka naye alikuwa macho, nilimwona amefungua jicho pale karibu na buti. Mlango ukafunguliwa, ukafungwa, nyayo zikapita uani, zikapotea. Hakuna kati yetu aliyeinua kichwa.

Jirani yangu wa geti la chuma alinisimamisha jana. Ana aibu, ni kijana mstaarabu. "Shikamoo mama. Samahani kwa makelele, huyu mbwa tukimwacha anatusumbua sana. Hujui dawa yake?" Dawa naijua, kila hatua, naweza kumwelekeza nimefumba macho. Lakini jioni, gari lao likipiga honi getini, namsikia yule mbwa anavyolipokea: anaruka mpaka kucha zinakwaruza chuma, anapiga kelele kama mtu aliyefufukiwa na ndugu. Nikamwambia kijana marahaba, na kwamba nitaulizia.